Nywele za Shangazi 'Akanete

Māngere, Auckland
11 Machi 1996

Shangazi yangu mpendwa 'Akanete,

Namshukuru Mungu aliyekuamsha leo, na namwomba aendelee kukuamsha. Ukisoma barua hii utaelewa kwa nini safari hii dua hiyo naiomba kwa bidii kuliko kawaida. Sisi huku hatujambo. Mume wangu Hēneli bado yuko kwenye kiwanda cha sabuni na bado ananukia vizuri kuliko mimi. Mvua imenyesha juma zima. Majimbi niliyopanda nyuma ya nyumba yametoa majani makubwa ajabu, lakini nilipochimba nikakuta mizizi midogo kama vidole vya mtoto. Hēneli anasema yamenirithi: mbwembwe nyingi juu, chini hamna kitu.

Sasa Shangazi, kaa chini. Kama umeshakaa, lala kabisa.

Najua ulipigiwa simu pale posta ya Pangai. Najua ulikuwa kwenye foleni ya stempu, karani akainua simu, akasikia mwanamke analia na kuuliza mazishi ya 'Akanete wa Lotofoa ni siku gani, naye karani akakupa simu wewe. Ulichosema nakijua pia, maana aliyepiga ni Kalolaine, kiongozi wa kwaya yetu, na amekirudia mbele ya kanisa zima: "Marehemu ni mimi. Unataka nini?" Kalolaine alikaa chini palepale, na pale chini hapakuwa na kiti.

Sitaki usikie kwa watu. Aliyekuua ni mimi. Nilikuua kwa makasi.

Mwezi uliopita nilitimiza miaka thelathini na tisa, nikapandwa na wazimu wa kutaka kufanana na yule mama anayetangaza hali ya hewa kwenye televisheni. Nikaenda chuo cha ususi, mahali ambapo wanafunzi wanakata nywele kwa bei ya kutupa. Binti wa watu alikuwa anatetemeka mikono. Upande wa kulia ukawa juu kidogo, akasawazisha wa kushoto. Wa kushoto ukawa juu, akasawazisha wa kulia. Tuliendelea kusawazisha mpaka hapakubaki cha kusawazisha.

Jumapili gauni langu la kijani lilikuwa na doa, nikavaa jeusi. Mkeka wangu mzuri wa kujifunga kiunoni kanisani nilikuwa nimemwazima mtu wa harusi, nikajifunga ule mkuukuu wa baba, ule mkubwa unaofika kifuani, ambao panya wameula ukingoni. Nilijitazama kwenye kioo nikaona mwanamke aliyevaa ovyo. Kanisa zima likaona mwanamke aliyefiwa na shangazi yake. Nywele zimekatwa, nguo nyeusi, mkeka mbovu mpaka kifuani! Mtoto wa miaka minne wa Lotofoa angejua kwamba hivyo ndivyo binti wa kaka anavyomlilia shangazi. Mimi niliyeletwa huku nina miaka sita sikuelewa, nikaingia zangu natabasamu.

Kalolaine akanidaka mlangoni. "Usiseme kitu, mwanangu. Nyamaza. Tumeshaona."

"Umeona nini, Mama Kalolaine?"

"Maskini! Hata haijamwingia akilini."

Akapiga yowe. Wenzake wakapokea. Na mimi, Shangazi, nikalia. Nililia kwa sababu mlango wa kanisa letu ni wa kioo, na ndiyo mara ya kwanza nilijiona kwa ubavuni. Mchungaji alipoona machozi akatangaza msiba madhabahuni.

Jumatatu walinijia na mikeka, vitambaa vya magome ya mti, maboksi ya nyama ya kopo, na nguruwe wawili. Wakachimba shimo la kuokea kwa mawe ya moto kwenye nyasi ambazo si zangu, ni za mwenye nyumba. Nikasema, "Jamani, shangazi hajafa!" Kalolaine akanifuta uso na kitambaa chake. "Wote husema hivyo siku ya kwanza."

Siku ya pili nikaacha kubisha, na hapo ndipo penye aibu yangu. Miaka yote hii naitwa hapa mzungu wa kujifanya. Sijui kusuka mkeka. Nikicheza ngoma zetu nafanana na mtu anayefukuza nzi. Lakini siku ile walinipeleka jikoni na mkeka wangu mbovu, wakanipa kisu na gunia la viazi vikuu, kwa kuwa mtoto wa kaka mahali pake kwenye msiba wa shangazi ni jikoni, kwenye moshi. Hakuna aliyenicheka. Nilijua pa kukaa. Shangazi, niliufurahia msiba wako. Naona haya kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kisha wakaniomba nisome wasifu wako. Mara ya mwisho kukuona nilikuwa na miaka sita, na ninachokumbuka ni mkono wako ukinichana nywele, na ukivuta. Hicho hakitoshi wasifu. Ikabidi nibuni. Nilisema uliogelea kutoka kisiwa cha Foa mpaka cha Lifuka na mwana-nguruwe mgongoni. Nilisema hujawahi kumpandishia mtu sauti. Nilisema ulikuwa mwepesi wa kusamehe. Watu walilia sana, hasa kwenye mwana-nguruwe.

Sasa mikeka imejaa gereji, gari la Hēneli linalala nje. Nilitaka kurudisha, Kalolaine kasema vitu vya msiba havirudi vilikotoka. Niambie nifanye nini. Na unisamehe, kama ile sehemu ya wasifu ina ukweli wowote.

Mtoto wa kaka yako,
Ungatea


Lotofoa, Foa, Ha'apai
9 Aprili 1996

Kwa Ungatea, binti wa Fe'ao,

Nakuandikia nikiwa hai. Jua linawaka, kisima kiko chini, bati la kanisa limevuja tena juu ya kiti changu peke yake, na kuku wangu wote walioliwa na mbwa wa Lupe wamelipwa kuku wengine. Lupe ni mke wa mchungaji wetu, jirani yangu, na mbwa wake hana dini.

Hapa kijijini sina raha. Nikiingia kanisani wanasogea, "Karibu, Marehemu." Nikienda dukani, mwenye duka ananiuliza huko nilikokwenda kuna joto kiasi gani. Nimewajibu nimewaona babu zao huko, wanaomba maji.

Wasifu nimeusoma mara nne. Mwana-nguruwe sawa, abaki. Lakini ujue kati ya Foa na Lifuka maji yakipwa hata kuku anavuka kwa miguu, na siku hizi kuna barabara. Ungesema niliogelea mpaka kisiwa cha Nomuka kule mbali, watu wangeshtuka kidogo. Hayo ya kutopandisha sauti yamewachekesha watu wa huku mpaka wamenikosea adabu. Na nani kakudanganya kwamba mimi ni mwepesi wa kusamehe?

Tuje kwenye nywele.

Zile nywele si zako, Ungatea. Baba yako Fe'ao alizaa mtoto mmoja tu, nawe ndiwe huyo. Mimi sikuzaa. Watu wengine hapa wakifa kunakatwa nywele za mabinti wa kaka zao, saba, wanane, zinajaa ungo. Mimi kichwa cha kukatwa kwa ajili yangu kipo kimoja tu duniani, na wewe umekichukua kichwa hicho ukakipeleka kwa mwanafunzi! Unakumbuka mkono wangu ukivuta. Nilikuwa navuta ili zirefuke. Nilikuwa natunza changu.

Leo nikifa watakata nini? Masikio?

Sikiliza. Mikeka yote na vitambaa vyote vifunge uvilete hapa kwa meli. Vimetolewa kwa ajili ya marehemu, na marehemu ni mimi, usiniletee ubishi. Nywele uziache zikue mpaka zifike mabegani. Kila barua uniandikie zimefika wapi. Binti wa kaka hamkatalii shangazi. Hilo naamini hata Auckland mnalijua.

Msalimie Hēneli, mwambie aniletee sabuni.

Shangazi yako,
'Akanete


Māngere
6 Mei 1996

Shangazi,

Nashukuru kwa barua yako na kwa uhai wako. Sisi wazima, ila baridi imeanza. Sasa ndipo nimejua nywele zilikuwa na kazi: naamka asubuhi kichwa kimekuwa barafu. Hēneli amenipa soksi yake moja nivae ninapolala. Usimwambie mtu.

Mikeka imeondoka jana. Hēneli na wenzake wa kiwandani waliisokomeza ndani ya mapipa matatu na wakapanga sabuni pembeni, kwa hiyo utanukia miaka mingi. Kalolaine alikuja kusimamia, maana ananidai heshima yake. Alipiga simu ile mbele ya wageni, Shangazi, akiwa amevaa nyeusi mpaka soksi. Sasa watu wakimwona amevaa nyeusi wanamuuliza, "Nani kafufuka?"

Na mimi nimepata jina. Siitwi tena mzungu wa kujifanya. Naitwa Mfiwa. Sijui kama hiyo ni kupanda au kushuka.

Hali ya nywele: urefu wa punje ya mchele, zimesimama wima kama fuu la nazi lililofuliwa vibaya. Yule binti wa chuoni amepiga hesabu, anasema kufika mabegani ni miaka miwili.

Kwa nini usije wewe huku kututembelea? Utaona kaburi lako halipo.

Ungatea


Lotofoa
2 Julai 1996

Ungatea, mwanangu,

Mapipa yamefika na sisi tunamshukuru Mungu. Lupe anakusalimu, mbwa wake amefungwa. Nguruwe wangu mkubwa amezaa saba.

Ni marehemu wangapi wanaojaliwa kukagua vitu vya msiba wao? Nimetandika kila kitu uani, kijiji kizima kikaja kuangalia. Mkeka wa Kalolaine una tundu la panya, ameukunja tundu likae ndani. Mwambie nimeliona. Kile kitambaa kikubwa cha akina mama wa kanisa lenu si magome hata kidogo, ni kitambaa cha dukani wamekipaka rangi. Lupe anasema huko hakuna miti ya magome, kwa hiyo ni udhuru. Nimekubali, ila kitakaa chini kabisa, chini ya vingine. Kuna mkeka mmoja mdogo mweupe, haukuandikwa jina la mtu, umesukwa vizuri kuliko yote. Aliyeuleta huo alinililia kweli. Mtafute umshukuru.

Vyote nimevipanga chini ya godoro, ndipo pa kutunzia mikeka. Sasa kitanda kimeinuka, pua yangu iko karibu na dari. Kupanda ni kazi.

Kwa hiyo kila kitu kiko tayari. Mikeka ipo. Nguruwe yuko bandani ananenepa. Zimebaki nywele.

Miaka miwili ni mingi. Huyo binti kukata hakujua, ataweza wapi kuhesabu? Nimekutumia chupa ya mafuta ya nazi niliyoyakamua mwenyewe na kuyatia maua. Paka asubuhi na jioni. Mimi mwaka huu sisuki mikeka, majani ya mkadi ya kusukia hayakuwa mazuri.

Shangazi yako,
'Akanete


Māngere
28 Julai 1996

Shangazi,

Salamu nyingi za baridi. Mafuta yamefika. Nimepaka, nikapanda basi, watu watatu wakaniuliza nani anapika wali wa nazi. Hēneli ameanza kunisogelea tena, kwa hiyo mafuta yana baraka zake.

Mwenye mkeka mweupe nimempata. Ni bibi mmoja kipofu wa Ōtāhuhu aliyekuwa akiimba nawe mkiwa wasichana. Alipoambiwa hujafa alisema, "Basi nimlilie vizuri mara ya pili."

Kalolaine ananifundisha kusuka. Mkeka wangu wa kwanza umetoka umepinda kama chapati, mwanzo mpana, mwisho umesusa. Amesema tuuhifadhi kwa mtu ambaye hatumpendi.

Hali ya nywele: zimegusa juu ya sikio! Nywele mbili za mbele zinaingia machoni.

Shangazi, swali dogo. Majani ya mkadi aliyonipa Kalolaine yametoka Ha'apai mwezi huuhuu, na anasema hajaona mazuri kama hayo miaka kumi. Kwa nini husuki?

Ungatea


Lotofoa
10 Septemba 1996

Ungatea,

Ukiona mwandiko umekuwa mzuri ujue si wangu. Nimejiumiza kidole gumba, Lupe ananiandikia na mimi nasema.

Kisima kimejaa. Nguruwe saba wamebaki watano, mbwa nimeshamtaja. Yule bibi kipofu namkumbuka, alikuwa na sauti nzuri akaiharibu kwa kuolewa.

Kuhusu kusuka, umekuwa karani wa mahakama? Nimesema mkadi ni mbaya. Siku hizi nakwenda Pangai mara mbili kwa juma kumtazama mgonjwa, sina nafasi. Mgonjwa humjui.

Nywele kugusa sikio ni vizuri. Ongeza mafuta. Najua sasa utataka kuja. Usije. Usije mpaka zifike mabegani, sitaki kukuona na kichwa hicho. Hilo ni neno langu na halina rufaa.

Shangazi yako,
'Akanete

Ungatea, hii naongeza mwenyewe, kabla sijabandika bahasha. Si kidole gumba. Lupe.


Māngere
30 Septemba 1996

Shangazi yangu,

Natumaini barua hii itakukuta na nguvu. Sisi wazima, tunaomba kwa ajili yako kila siku. Hēneli, ambaye tangu tuoane sijawahi kumwona amepiga magoti isipokuwa kutafuta soksi, anaomba naye.

Nimepiga simu posta ya Pangai mara tatu. Karani anasema umemwagiza aseme huongei na simu tena, kwamba mara ya mwisho ulipoongea nayo ulilazimika kubishana kama uko hai. Vipi hali ya huyo mgonjwa wa Pangai? Anakula? Analala? Nani anampikia? Mwambie kuna mtu Auckland ambaye hamjui lakini hapati usingizi kwa ajili yake.

Nimetii neno lako, siji mpaka zifike mabegani.

Hali ya nywele: juu ya sikio, palepale. Ajabu kidogo.

Ungatea


Lotofoa
25 Oktoba 1996

Ungatea,

Mungu ni mwema, mvua imekuja. Lupe ndiye anaandika, na safari hii nimemwambia anisomee alichoandika chote, mpaka bahasha.

Palepale vipi? Miezi miwili palepale? Nguruwe ameacha kunenepa kwa kuwa hawezi kunenepa zaidi. Mgonjwa wa Pangai anakula kidogo, analala kidogo, anakusalimu. Mafuta unapaka au unapikia?

'Akanete


Māngere
20 Novemba 1996

Shangazi,

Nakusalimu wewe, namsalimu Lupe, na namsalimu sana mgonjwa wa Pangai.

Hali ya nywele: juu ya sikio. Sijui nisemeje. Mafuta napaka mpaka mto umekuwa kikaango. Labda ni maji ya Auckland. Labda ni upepo, huku upepo unasukuma kila kitu kirudi kilikotoka. Kalolaine anasema ni umri, Hēneli anasema ni ile soksi. Niliwahi kusikia kuna nywele zenye kiburi, zikishakatwa vibaya zinasusa.

Nimepiga hesabu mwenyewe. Kwa mwendo huu zitafika mabegani mwaka elfu mbili na kumi na mbili. Ninajua ni mbali. Lakini wewe mwenyewe ulisema mpaka mabegani na neno lako halina rufaa, kwa hiyo sioni namna. Itabidi uwe na subira, mle huyo nguruwe Krismasi, mlee mwingine.

Mkeka wangu wa pili umenyooka upande mmoja.

Ungatea


Lotofoa
15 Januari 1997

Ungatea, mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Nguruwe hatukumla. Naandika kwa mkono wangu, nimemfukuza Lupe chumbani. Utavumilia mwandiko, na utavumilia kwamba barua hii imechukua siku nne.

Kalolaine ameniandikia. Anasema kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi unatoka nyumbani umevaa kofia, unakwenda kwenye chuo kile, kwa binti yuleyule, unakatwa nywele juu ya sikio, unarudi. Anasema binti sasa amekuwa fundi, mikono haimtetemeki tena.

Nilicheka mpaka Lupe akaja mbio akidhani ndiyo mwisho. Kisha nikalia, tena kwa sauti, kama walivyolia watu wako kwenye mwana-nguruwe.

Mara ya kwanza uliniua kwa makasi, sasa unanizuia nisife kwa makasi hayohayo! Miaka sabini na moja nimeishi, nimepewa mikeka, nimepewa heshima, nimekaa mbele kwenye kila harusi ya ukoo wetu. Hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu kama hicho. Na kimetoka kwa mzungu wa kujifanya.

Mgonjwa wa Pangai ni mimi. Ulishajua. Ni tumbo, na daktari ameacha kunitania, kwa hiyo nimeelewa. Kitanda changu wamekishusha, mikeka iko pembeni ukutani, naiona yote nikiwa nimelala. Ule mweupe nimefunikwa nao. Si vibaya. Maumivu yapo lakini nimeyazoea kama nilivyomzoea mbwa.

Nilikukataza usije. Sababu haikuwa kichwa chako. Ulisimama mbele ya watu ukasema niliogelea na mwana-nguruwe mgongoni, wakakuamini. Niliona haya uje unikute siwezi kuvuka chumba. Basi wewe umedanganya miezi minne, mimi zaidi ya nusu mwaka. Fe'ao angesema tumetoka tumbo moja.

Sasa nakwambia kama shangazi yako na hutanikatalia. Nimechoka, Ungatea. Weka makasi chini. Ziache zikue, na mimi niache niende zikiwa zimefika popote zitakapofika. Mabega nimeyafuta. Njoo. Nataka kukuchana.

'Akanete


Māngere
3 Februari 1997

Shangazi,

Barua hii inatangulia, ameibeba mpwa wa Kalolaine anayeruka kesho. Makasi yote ya nyumbani nimempa Kalolaine, amesema atayakalia. Hata Hēneli sasa anakata kucha kwa meno.

Kazini wameniruhusu. Natua Tongatapu kwa ndege Jumatatu ijayo, meli ya Pangai ni Jumatano. Naja na chanuo, naja na mkeka wangu wa tatu, ambao umenyooka pande zote nne na uko tayari kutukanwa. Nitavaa gauni la kijani na mkeka mzuri wa kiunoni, ili mtu yeyote bandarini asithubutu kupiga yowe.

Nimelia siku mbili, Shangazi, na safari hii hapakuwa na kioo.

Hali ya nywele: katikati ya sikio. Hazitoshi kabisa, kwa hiyo itabidi uningoje.

Ungatea wako